Jumapili yangu ya kwanza kwa Waepiskopali

Nilikuwa na miezi minane Columbus, Ohio, nikitunza wazee zamu ya usiku, na Jumapili kwangu ilikuwa siku ya kulala. Kisha baba akafariki nyumbani Singida. Sikuweza kwenda kuzika. Wiki iliyofuata nikaona siwezi kukaa tena bila ibada, na kanisa lililokuwa karibu na kituo cha basi lilikuwa na kibao chenye ngao nyeupe na msalaba mwekundu: Kanisa la Kiepiskopali.

Mimi nimelelewa Upentekoste. Jina lile lilinitia wasiwasi hadi niliposoma kwamba linatokana na neno la Kigiriki la askofu, na kwamba hawa ndio Waanglikana wa Marekani, ndugu wa Waanglikana wa kwetu.

Nikapiga simu ofisini kwao. Nivae nini? Sadaka ni lazima? Nitasimamishwa nijitambulishe? Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua, maana kwetu mgeni husimama akataja jina na anakotoka, na mimi nilijua nikifungua mdomo nitalia. Nikajibiwa: vaa ulicho nacho, mgeni hadaiwi sadaka, na hakuna atakayekusimamisha.

Nilikaa benchi la nne kutoka nyuma, na wewe nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu ukikaa mbele huna wa kumtazama. Mbele yangu alikuwa bibi mwenye koti la bluu. Akisimama nasimama, akikaa nakaa. Husimama kuimba na Injili inaposomwa, hukaa kusikiliza masomo mengine na mahubiri. Kwenye sala wapo wanaopiga magoti na wapo wanaobaki wamesimama. Kuna Kitabu cha Sala cha 1979 na kitabu cha nyimbo cha 1982, na karatasi unayopewa mlangoni inaonyesha kurasa. Nilipotea mara mbili. Bibi aligeuka, akaniwekea kidole kwenye mstari.

Aliyeongoza ibada alikuwa kasisi mwanamke. Mkutano wao mkuu uliruhusu jambo hilo mwaka 1976.

Kwenye Ushirika Mtakatifu watu husogea mbele, wakapokea mkate kwenye kiganja kilicho wazi, kisha kikombe. Ni divai kweli, na wengi hunywa kutoka kikombe kimoja cha pamoja. Asiyetumia pombe anaweza kupokea mkate peke yake, na ushirika wake unahesabika kuwa kamili. Kanuni yao ni kwamba mezani hupokea waliobatizwa, hata kama ni wa kanisa jingine. Usipotaka kupokea, kunja mikono kifuani, utaombewa baraka. Mimi siku ile nilikunja mikono.

Lakini kilichonirudisha Jumapili ya pili kilitokea kabla ya hapo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba sala ya kusoma kitabuni haina uhai. Basi, msomaji akaombea kanisa, nchi na wagonjwa, akafika kwa waliofariki, akanyamaza. Watu wakaanza kutaja majina, mmoja huku, mwingine kule, kwa sauti ya chini. Kwetu hatuwaombei marehemu, na jambo hilo bado nalitafakari mbele za Mungu. Hata hivyo nilitaja jina la baba, majina yake yote matatu. Sauti ilikatika kwenye la mwisho.

Ikafuata toba, kanisa zima likisoma pamoja kuhusu tuliyoyatenda na tuliyoacha kuyatenda. Mimi nilikuwa na kaburi ambalo sikulitupia udongo. Maneno yale yaliandikwa kabla sijazaliwa, na yalinikuta pale pale nilipokuwa.

Kisha watu hupeana amani, kila mtu na aliye karibu naye. Yule bibi aligeuka akanishika mikono yote miwili. Akaniuliza jina nililolitaja hutamkwaje, kwa sababu alitaka kuliombea wiki nzima na hakutaka kulikosea. Nikamtamkia polepole, naye akalirudia hadi likakaa sawa.