Siku moja maishani mwangu: nafufua injini ya tu-stroku uani

Saa 12 asubuhi meza ya uani imeshafutwa, kanga kuukuu imetandikwa, na vyuma nilivyofungua jana vimepangwa juu yake. Mimi ni fundi pikipiki hapa Morogoro. Kazi inayoniletea wateja wengi ni injini ambazo mafundi vijana waliozoea fostroku, zenye valvu kichwani, hawazitaki tena: Yamaha AG100, zile tu-stroku (zinazowaka kila mzunguko mmoja wa krenki, mhimili wa injini) za cc 97 walizokuwa wakipanda mabwana shamba. Watu huziona nyepesi kwa kuwa hazina valvu kichwani, eti ni kazi ya nusu saa.

Mpaka saa 3 nimeosha kila kitu, nimekwangua kaboni kwenye tundu la ekzosi, linalotoa moshi, na nimelainisha kingo za matundu ya silinda kwa msasa. Silinda imeshaboriwa, yaani kutanuliwa, kwa fundi wa lezi, kwa hiyo pistoni mpya ni ova saizi, kubwa kuliko ya asili kwa milimita 0.50. Kingo zikiachwa kali baada ya kubori, ringi haidumu.

Saa 3 na nusu akaja mwenye pikipiki, mzee anayeshusha ndizi kutoka Kinole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imewaka?"

"Bado, nasubiri sili, zile pete za mpira za kuziba pembeni mwa krenki, kutoka Dar. Basi linaingia Msamvu saa 5."

"Sili ya nini? Pistoni ndiyo iliyokufa. Fundi wa kwanza aliweka ringi tu, ikawaka siku hiyohiyo."

"Na ikakwama tena, mzee."

Akakaa kwenye kigoda changu, akataka nifunge na sili ya zamani. Nikamshikisha. Mdomo wa sili hiyo ulikuwa umekauka kama ganda la muwa. Nikamweleza kwamba kwenye tu-stroku kasha la krenki nalo linavuta pumzi: linavuta mchanganyiko wa petroli na hewa, kisha linausukuma juu ya pistoni. Sili ya upande wa magneti, inayozalisha umeme wa cheche, ikichoka, inaingia hewa isiyopita kabureta. Mchanganyiko unapungukiwa petroli, joto linapanda, pistoni inavimba na kung'ang'ania silinda. Ukibadilisha pistoni ukaiacha sili, umenunua msiba wa pili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana, unarefusha kazi upate hela." Neno hilo liliniuma, kwa sababu bei tulishapatana na hata nikimaliza kesho haiongezeki. Lakini ni mtu mzima, nikanyamaza, nikaendelea kupima mwanya wa ringi kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Aliondoka adhuhuri, akapiga simu mara kadhaa kabla sijala.

Sili zikafika. Nikafunga kasha, nikaziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi kabla ya kutia klipu zinazoshika pini ya pistoni, maana klipu ikidondoka humo unafungua injini yote upya. Mshale wa pistoni nikauelekeza kwenye ekzosi, ncha za ringi zikakaa kwenye vipini vyake.

Halafu kipimo ambacho wengi wanakiruka. Ninaziba ekzosi na njia ya kabureta kwa mpira wa tyubu, napuliza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, napaka povu la sabuni kila kiungo. Sili zote kimya. Chini ya silinda povu likachemka. Nikaivua tena. Uso wa chini wa silinda ulikuwa na mkwaruzo wa bisibisi wa zamani, basi nikatandaza msasa juu ya kioo na kuusugua uso huo juu yake polepole, mkono ukizunguka namba nane, nikipima, nikisugua tena. Mgongo unawaka, mbu wameanza, mke wangu ananishikia taa. Gasketi mpya, kaza, pampu, sabuni. Safari hii povu likatulia.

Nikatoa hewa kwenye pampu ya oili, nikachanganya na 2T, oili ya tu-stroku, kidogo kwenye tangi kwa tahadhari. Kiki ya tatu ikashika, moshi wa buluu ukajaa uani, ikatulia kwenye sailensa, ikinguruma polepole bila kuvutwa mafuta. Mzee nikamsikilizisha kwa simu. Akasema, "Nakuja kuichukua sasa hivi."

Nikamjibu haitoki usiku huu. Ipoe hadi asubuhi, nikaze tena nati za hedi, kifuniko cha juu cha silinda, na ndizi asiipakie hadi pistoni na silinda zizoeane.