Albamu ya shangazi: vinundu vimetoka, mwaka umegoma

Imekubali! Ile picha ya koridoni imekubali, jana saa saba usiku, nikapiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Shangazi alikaa Mary Stuart Hall pale Makerere kati ya 1969 na 1973, lile bweni la wanawake wanaloliita Box, na albamu yake ndo naiingiza kwenye kompyuta. Picha nyingi hazina neno ila hii moja imenila wiki tatu. Ilisafishwa kwenye ile karatasi ya zamani yenye vinundu kama sega la nyuki, ukiiskani kila kinundu kinarudisha mwanga, nyuso zote zinakuwa kama zina tetekuwanga. Nimeskani kwa nukta 300, 600, 1200 kwa inchi, nikaigeuza juu chini nikaskani tena nikachanganya mbili, vikapungua kidogo ila sura zikawa kama zimepakwa uji. Zile programu za akili mnemba ndo msiniambie kabisa, moja ilimpa rafiki yake shangazi meno ambayo hakuwa nayo, sasa unabunije meno ya mtu?

Kilichosaidia ni Fourier, hesabu inayoigawa picha kuwa mawimbi yanayojirudia, kwenye ImageJ, programu ya bure na sura yake mbaya lakini inafanya kazi. Vinundu vinajirudia kwa mpangilio, kwa hiyo ukiibadilisha picha vinatokea kama vinyota vyeupe kuzunguka katikati, unavipaka nyeusi, unairudisha. Mara ya kwanza nikapaka mpaka kile cha katikati, picha ikarudi kama mzimu, mistari ya kingo tu na kijivu. Cha katikati usiguse! Mara ya pili brashi kubwa mno, mikunjo ya nguo ikaondoka na vinundu. Mara ya tatu brashi ndogo, vinyota sita tu, na hao hapo mabinti wanne wameegemea ukuta, mpaka pindo za sketi zinaonekana.

Hapo ndo nikaanza kuringa. Nyuma ya picha hakuna tarehe, na Idi Amin alipiga marufuku vimini mwaka 1972, na hizi sketi zote nne ziko juu ya goti tena mbali. Nikaandika "kabla ya 1972", nikampigia shangazi, shikamoo, marahaba, nikamweleza ujanja wangu. Akacheka mpaka akakohoa. "We mtoto, hiyo si koridoni? Nje tulitoka na magauni ya kufagia barabara, tukirudi juu tunabadilisha, nani angekuja kutupima bwenini?"

Basi nimefuta.

Wikendi hii nilipanga kutengeneza jedwali la miaka, kuanzia 1945 walipoingia wasichana sita wa kwanza wakati kaulimbiu ya chuo ni "Na tuwe wanaume", hebu fikiria, ikabidi ibadilishwe. Jedwali nimeliweka kando, sasa nataka kurekodi sauti ya shangazi. Nitatumia simu tu, kile kinasa sauti nilichonunua kinashika feni kuliko mtu. Jumapili naenda kwake na picha nimeiprinti kubwa, maana pembeni kuna mkono wa mtu wa tano ameshika pasi, mwenyewe hayumo kwenye fremu, na nilipomuuliza ni nani akanyamaza kidogo, akasema huyo njoo nikwambie ana kwa ana.