Kadi Zisizo na Majina

Mwaka 2010 nilikuwa kwenye ofisi ndogo ya uchapaji Kariakoo. Kazi iliyotuweka mjini ni kadi za wanachama wa SACCOS: mteja analeta faili la majina, sisi tunalisafisha na kuchapa. Usafishaji ulifanywa na programu fupi ya lugha ya Lisp ndani ya kihariri cha maandishi cha XEmacs, kazi ya fundi aliyekwisha kuhama.

Kompyuta zikabadilishwa, mpya zikaja na GNU Emacs. Hao ni ndugu waliogombana. XEmacs ilichipuka mwaka 1991 kwenye kampuni ya Lucid, California, ikiitwa Lucid Emacs hadi 1994, na kila upande ukaendelea kujiongezea fanksheni zake, yaani amri ndogo za programu. Ya kubadilisha maandishi, XEmacs iliita replace-in-string. GNU wakaleta replace-regexp-in-string kwenye toleo la 21, mwaka 2001. Kijana wa zamu aliona majina yanafanana, akabadilisha moja kwa jingine faili zima. Programu ikakubali bila kelele.

Asubuhi dada wa mashine akanishikisha kadi. “Kaka, hawa watu hawana majina?” Namba ipo, nembo ipo, mahali pa jina peupe pe.

Tatizo lilikuwa mpangilio wa vigezo, yaani vitu ambavyo fanksheni inapewa ivifanyie kazi. XEmacs inataka maandishi kwanza, halafu ruwaza (kinachotafutwa), halafu kibadala (kinachowekwa mahali pake). GNU inaanza na ruwaza, kisha kibadala, maandishi yanakaa nyuma. Mstari wetu ulifuta nafasi zilizobaki mwishoni mwa jina, kwa hiyo kibadala chake kilikuwa "", maandishi matupu. Sasa GNU Emacs ikawa inamtafuta “Asha Juma” ndani ya "", haimwoni, inarudisha "" ileile. Laiti idadi ya vigezo ingepishana, tungepigiwa kelele ya wrong-number-of-arguments usiku uleule! Lakini vyote vitatu ni maandishi, nani alalamike?

Nikaandika fanksheni yetu wenyewe, inayouliza (featurep 'xemacs), yaani “hapa ni XEmacs?”, kisha inapanga vigezo inavyotakiwa. Hata t ya mwisho, “ndiyo” ya Lisp, ilibidi ihame: literal, kinachosema kibadala kichukuliwe kama kilivyo, ni kigezo cha nne kwa XEmacs, cha tano kwa GNU, ambako cha nne ni fixedcase, kinachohusu herufi kubwa na ndogo.

Bosi alitaka kumkata kijana posho kwa kadi zilizoharibika. Nilikataa. Nikamwekea fanksheni zote mbili kwenye skrini, nikamwambia aonyeshe kijana angeonaje tofauti.