Siku moja nikiijenga Emali nikiwa Umoja, Nairobi

Saa 11 alfajiri. Stima ipo, basi naamka. Chai ikichemka nafungua programu ya kuchorea ramani iliyomo ndani ya Euro Truck Simulator 2, mchezo wa malori uliotolewa mwaka 2012 na SCS Software ya Prague. Barabara zake ni za Ulaya. Mimi najenga ya kwetu, Nairobi hadi Mombasa, na wiki hii nimefika mji mdogo wa Emali.

Mchezo huu hupunguza nchi kwa kipimo cha 1 kwa 19. Zile kilomita 480 hivi za Mombasa Road zinabaki kama 25. Nairobi haina shida. Weka jengo la KICC na mtu ataitambua. Kazi ni miji midogo. Nikifuata kipimo, dereva akitoka Sultan Hamud hajabadilisha gia mara tatu, ameingia Emali. Jana nilitaka kuutoa Sultan Hamud kabisa. Nikashindwa. Mji uliopewa jina la sultani wa Zanzibar, uufute kwa kitufe kimoja?

Saa 2 asubuhi nafungua saiba. Kuchapisha, kupiga kopi, kujaza fomu za watu.

Saa 5. Mama mmoja anayesubiri karatasi zake anachungulia skrini yangu.

"Kijana, hapo ni wapi?"

"Emali, mama."

"Emali gani haina vitunguu?"

Amenishika. Nilikuwa nimeweka vituo viwili vya mafuta na miti mingi mizuri, nikajiona fundi. Namuuliza wauzaji hukaa upande gani, ananionyesha kwa kidole mpaka kioo kinapata alama.

Saa 7 mchana, wateja wamepungua. Nashughulikia makutano ya barabara ya Loitokitok. Bahati nzuri Uingereza imo mchezoni, kwa hivyo vipande vya barabara za kuendesha upande wa kushoto tayari vipo, nabandika tu. Ila nyumba zake! Matofali mekundu na dohani juu ya paa. Emali moshi unatoka kwa nyama choma. Maduka ya mabati nayaunda mwenyewe, moja baada ya lingine, na hapo ndipo mchana wangu unapoishia.

Saa 10 jioni stima inapotea. Sikuwa nimehifadhi. Maduka sita yameenda, na sitaki kulizungumzia.

Saa 2 usiku, nyumbani. Baba aliendesha trela njia hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu. Namkalisha mbele ya kompyuta, anashika kibodi kama anashika yai. Anatoka Sultan Hamud vizuri, kisha akikaribia Emali anapunguza mwendo, lori linatambaa.

"Baba, barabara ni nyeupe. Mbona unafunga breki?"

"Matuta."

"Sijaweka matuta."

"Basi weka."

Anasogea mbele kidogo, anaegesha kando ya uwanja mtupu niliouacha kwa kukosa wazo. Anazima injini.

"Na hapa palikuwa na kibanda cha chai. Turnboi, msaidizi wangu wa lori, alikuwa hakubali tupite."

Saa 5 usiku. Nimeondoa kituo kimoja cha mafuta. Nimeweka matuta mawili, magunia ya vitunguu, na kibanda. Nimehifadhi mara tatu.