Nilivyorekodi mwenyewe mwendo wa injini iliyotoka ovaholi

Gari ni Probox ya 2012, injini 1NZ-FE. Silinda zimechongwa, pistoni na ringi ni mpya, kazi imefanyika hapa Mtwara. Swali la mwenye gari ni lile lile siku zote: dereva akiikanyaga kabla haijazoea, kompyuta itasema? Kwa magari ya namna hii, haitasema mpaka pawe na hitilafu.

Kontroli boksi, yaani hiyo kompyuta ya injini, hutunza kodi za hitilafu. Kodi ikiingia, inabaki na vipimo vya sekunde ile: rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), mwendo, joto la maji, mzigo wa injini. Baadhi ya magari, injini ikichemka, huandika P0217, kodi ya joto kupita kiasi, na namba zake. Lakini kuipeleka 5,500 mara ishirini, injini ikiwa nzima, hakuachi alama. Kikomo cha rpm hukata mafuta, basi. Kinachokiruka kikomo ni kurudisha gia vibaya, maana hapo magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Chukua gia ya tano yenye uwiano wa 0.8 na ya pili 1.9: uko 2,800 kwenye tano, unakosea unaingiza pili, mshale unaruka hadi 6,650. Porsche huhesabu matukio hayo na kuyaandikia saa za injini. Probox haina hesabu hiyo.

Kwa hiyo nilirekodi mwenyewe. Nilichomeka ELM327, kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, nikaiunganisha na simu ya zamani yenye programu ya Torque. Kwanza nikanakili umbali tangu kodi zilipofutwa mara ya mwisho. Namba hii usiidharau: mtu akifuta kodi njiani inaanza sifuri, ukilinganisha na odomita unamkamata.

Vipimo nilichagua vinne tu: rpm, joto la maji, mwendo na mzigo. Ukiweka kumi, vifaa vya bei rahisi huchelewa, na kilele cha sekunde mbili kinapita bila kuonekana. Simu ikae kwenye droo; juu ya dashibodi kwa jua la huku itajizima.

Safari ya kwanza ilikuwa Mtwara, Mikindani, hadi Mingoyo na kurudi. Vijiji vya barabara hii vinasaidia: unashuka 50, unapanda tena, na ringi zinataka hivyo hivyo. Presha ya moto ndiyo inayozisukuma zisuguane na mikwaruzo ya hone, ile michoro midogo inayoachwa kwenye ukuta wa silinda iliyochongwa. Ukitambaa kutwa kwa rpm moja, au ukaiacha sailensi (inaunguruma gari imesimama) muda mrefu, ukuta wa silinda unang'aa kabla ringi hazijakaa, na gari inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Wengi huogopa kukanyaga kabisa, kumbe ubaya mkubwa ni kukanyaga ikiwa baridi.

Nilikwenda hivi: nusu pedali hadi 3,500, naachia ishuke kwa gia ile ile hadi 1,800, narudia. Isizidi 4,000 mpaka kilomita 1,000. Kwenye mlima nilishusha gia mapema, maana injini ikilemewa kwa rpm ndogo beringi zinaumia.

Jioni nilifungua faili kwenye jedwali, nikachuja mistari yenye rpm juu ya 3,000 na maji chini ya nyuzi 70. Ikatoka mitatu, mbaya kuliko yote ikiwa dakika ya pili tangu kuwasha: maji 48, rpm 3,420, mzigo asilimia 81. Ni pale gari ilipoingia barabara kuu. Kuanzia kesho yake, dakika tano za mwanzo hazikuvuka 2,500.

Kilomita 500 nilimwaga oili, nikaweka lita 3.7 na filta mpya. Oili iliyotoka ilikuwa na mng'ao wa vumbi la chuma, jambo la kawaida. Ukishika vipande kwa kidole, fungua sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Gari ikilala, chomoa ELM327. Pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, na ikikaa siku kadhaa gari inaweza isiwake. Magari mengi ya Kijapani ya kabla ya 2008 yana soketi hiyo hiyo lakini ELM327 haiyasomi ilivyo. Kwa hayo tafuta fundi mwenye mashine yenye menyu ya Toyota ya Japani.