Nilivyochora kuba ya mita 12 kwa tao moja na mhimili mmoja

Kazi iliponifikia ilikuwa na vipimo viwili tu: ukumbi wa duara wenye upana wa mita 12 kwa ndani, na kuba juu yake yenye kimo cha mita 4 kuanzia pale kuta zinapoishia. Ilikuja pia na modeli ya SketchUp, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, iliyochorwa harakaharaka ili mwenye jengo aone sura. Mimi nilitakiwa kuiingiza Revit, programu ya kusanifu majengo, iwe kuba ambayo mhandisi anaweza kuipigia hesabu na fundi anaweza kuijenga.

Kabla ya kugusa kompyuta nilichukua karatasi. Kuba ya aina hii ni kipande cha tufe, na tao lake halichoreki mpaka ujue kitovu kiko wapi. Hesabu ni fupi: nusu ya upana uizidishe kwa yenyewe, ongeza kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha ugawe kwa kimo mara mbili. Kwangu ilikuwa 36 kujumlisha 16, kugawanya kwa 8, jibu mita 6.5. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tufe. Toa kimo cha mita 4, zinabaki 2.5, kwa hiyo kitovu kinaelea ndani ya ukumbi, mita 2.5 chini ya mwisho wa ukuta. Kitovu hukaa usawa wa mwisho wa ukuta pale tu kuba inapokuwa nusu tufe kamili.

Ndani ya Revit nilianza kipengele kipya cha hapohapo ndani ya mradi, nikakipa kundi la paa. Kuchagua kundi kunaonekana jambo dogo, lakini ndiko kunakofanya kuta zikubali baadaye kushikamana na kuba. Kisha nikaenda kwenye mkato, yaani mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa, unaopita katikati ya ukumbi, nikaweka mhimili wa wima na alama ya kitovu, nikachora tao la ndani la mita 6.5.

Unene wa ganda la zege ulikuwa sentimita 15, na hapa inafaa kutulia kidogo. Tao la nje lazima litoke kwenye kitovu kilekile, likiwa na nusu kipenyo ya mita 6.65. Ukinakili tao la ndani na kulipandisha sentimita 15, kileleni utapata unene sahihi, lakini jinsi ganda linavyoteremka kuelekea ukutani ndivyo linavyokonda, na pale chini kabisa halifiki hata sentimita 6. Kwenye picha ya pande tatu hutaliona kosa hilo kamwe. Kwenye mkato wa kipimo cha 1 kwa 20 linakutazama usoni.

Nilifunga umbo kwa mstari wa mlalo chini. Juu sikulifikisha kwenye mhimili. Nililikatiza sentimita 75 kutoka katikati ili libaki tundu la mwanga la mita 1.5. Kuba kubwa ya kale ya Pantheon kule Roma, yenye kipenyo cha takriban mita 43.3, nayo iko wazi kileleni, kwa hiyo wazo si geni. Lakini nina sababu nyingine ya kulipenda tundu: kileleni ndiko mistari yote inakokutana, na kila unachojaribu kugawanya huko huishia kuwa vipande vyembamba visivyojengeka. Tundu linaifuta shida hiyo.

Baada ya hapo kuzungusha umbo nyuzi 360 ni suala la kubofya. Revit inataka vitu viwili tu: mstari wa umbo ufunge bila pengo, na usivuke mhimili.

Ili kuhakiki, sikuamini macho. Eneo la uso wa kipande cha tufe ni pai mara mbili, mara nusu kipenyo, mara kimo: kwa ndani, kama tundu lingekuwa limezibwa, mita za mraba 163.4. Tundu lenyewe linaondoa kama 1.8. Modeli ilinisomea 161.6, nikaendelea.

Ile ya SketchUp ilikuwa na habari tofauti. Programu hiyo huchora duara kwa vipande vilivyonyooka, na usipoiambia vinginevyo hutumia 24. Kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 6, katikati ya kila kipande mstari unaingia ndani ya duara halisi kwa takriban sentimita 5. Kwa picha si kitu. Ila ukiifuata modeli hiyo kupanga ukuta, sentimita 5 ni nyingi. Ukipandisha hadi 96 tofauti inashuka hadi milimita 3, faili nalo linakuwa zito.

Cha kuchekesha ni kwamba 24 ilirudi, safari hii kwa kukusudia. Kuba ilitakiwa kuvikwa bamba za alumini, na uso wa tufe haulaliki chini bila kuchanika, kama ganda la chungwa. Mwanahisabati Gauss alilithibitisha hilo kihesabu mwaka 1827. Njia ya kutoka ni kugawa kuba kwa mistari inayoshuka kutoka kileleni na kwa pete za mlalo. Pembe nne za kila kipande cha gridi hiyo hukaa kwenye bapa moja, kwa sababu kingo zake za juu na chini ziko sambamba. Bamba linabaki bapa, halihitaji kupindwa. Niligawa migao 24, chini kila bamba likawa na upana wa mita 1.6 hivi. Karibu na tundu zingebaki sentimita 20, kwa hiyo pete za juu nikazipa migao 12. Vishikizo vya bamba nikavipa nafasi ya kumeza mwachano uliopo kati ya bamba bapa na uso wa kuba uliopinda.

Mhandisi alipoiona aliuliza jambo moja tu: "Kuba inashuka hadi nyuzi ngapi kutoka kileleni?" Nikampa 67. Katika kuba ya tufe inayobeba uzito wake yenyewe, pete za mlalo hubanwa hadi karibu nyuzi 51.8 kutoka kileleni. Chini ya hapo huanza kuvutwa, na zege halipendi kuvutwa. Kwetu ukanda huo ulikuwa mita 1.5 za mwisho za kimo. Akataka chuma cha mzunguko humo na boriti ya pete juu ya ukuta.

Kwa kuwa nusu kipenyo niliiandika kama fomula inayotegemea upana na kimo, mwenye jengo aliposema anataka kuba ishuke kidogo, nilibadilisha kimo kuwa 3.5. Nusu kipenyo ikajipanga yenyewe kuwa mita 6.89, kitovu kikateremka, kuta zikabaki zimeshikamana. Pembe ikapungua hadi nyuzi 60 na kitu, na ukanda unaovutwa ukapungua nao. Bamba tu ndizo nililazimika kuzigawa upya.