Siku moja maishani mwangu: kupima tando za buibui kwenye mto wenye zebaki

Saa 10:30 alfajiri. Niko ukingoni mwa mto, taa kichwani. Nawahi kabla jua halijachomoza, maana buibui wa jenasi ya Tetragnatha husuka jioni, na wengi huula utando wao kukipambazuka. Napulizia matone madogo ya maji ili nyuzi zionekane, naweka rula kando, napiga picha.

Saa 1 asubuhi. Nakamata buibui wachache. Kila mmoja na kichupa chake, namba ileile ya picha yake. Namba zikichanganyika, kazi yote ni bure.

Saa 3, maabara. Buibui anakaushwa, anapimwa uzito, anachomwa ndani ya mashine. Mvuke wa zebaki unanaswa na dhahabu, kisha unapimwa kwa mwanga. Watu huniuliza zebaki ya mtoni inamfikiaje buibui asiyeishi majini. Yote huanzia kwenye tope: bakteria wa mahali pasipo na oksijeni huigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki inayoingia mwilini kwa urahisi, inaingia kwenye mabuu ya wadudu, wadudu wanaota mabawa, wanaruka na kunasa utandoni. Kando ya South River, Virginia, nchini Marekani, kiwanda kilivujisha zebaki kuanzia 1929 hadi 1950. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba ndege wa nchi kavu wa hapo wamejaa zebaki, na sehemu kubwa waliipata kwa kula buibui. Zaidi ya nusu karne baadaye! Hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Saa 8 mchana. Nahesabu spoki za kila utando, yaani nyuzi zinazotoka katikati kama za gurudumu la baiskeli, napima nafasi kati ya mizunguko. Methili-zebaki hushambulia neva, na kusuka ni kazi ya neva, kwa hiyo nina sababu ya kuushuku utando uliopinda. Ila njaa, baridi, upepo au mguu uliokatika navyo huubadili. Ndiyo maana napima pia sehemu ya juu ya mto, kabla maji hayajafika penye uchafu, ili nilinganishe.

Saa 12:30 jioni. Nimerudi mtoni, namtazama mmoja akisuka. Amefunga fremu, amevuta spoki, amezungusha uzi wa muda kutoka katikati kwenda nje. Sasa anarudi ndani, anaukata huku akibandika uzi wa kunata, miguu ikipapasa mzunguko uliotangulia kabla ya kila kibandiko. Upande wa kushoto ameacha pengo. Miguu yote minane anayo, na upepo hakuna. Nimemwandika daftarini, asubuhi atakwenda maabara, na jibu la zebaki litatoka kwenye mashine.